Mama wa Mlangoni

Mama anayekaribisha watu mlangoni kanisani kwetu Kanyangi husalimia kwa mikono miwili, hata ukiwa umechelewa. Sauti yake ni ya chini mpaka inabidi uiname ndipo umsikie. Bibi kizee akiingia na viti vimejaa, yeye humgusa kijana begani na kumwambia, “Mpishe susu akae,” kisha husimama hapo hapo akitabasamu mpaka kijana ainuke.

Jumamosi iliyopita tulikuwa na ibada ya mazishi ya Musyimi. Mjane wake, Ndila, alikuwa mbele akisoma maisha ya mumewe wakati mgeni mmoja mkubwa wa safu ya kwanza alipopokea simu na kuanza kucheka kwa nguvu. Ndila akaacha kusoma. Sisi tukatazama chini. Mama yule akapita katikati ya watu, akachuchumaa mbele ya mgeni.

“Mheshimiwa, tafadhali ongelea nje.”

“Wewe unanijua mimi?”

“Nakujua. Musyimi pia nilimjua, na leo ni siku yake.”

Mgeni akamkazia macho. Mama hakuondoka. Mwishowe mgeni akakata simu, akasema polepole, “Pole, mama.”

“Mwambie Ndila.”

Mgeni akasimama mbele ya kanisa zima, akamwambia. Ndila akaitikia kwa kichwa, akapangusa macho, akaanza kusoma tena tangu mwanzo.