Siku Niliyomchoma Pembe Ndama wa Mwende

Tulikuwa watatu nyuma ya nyumba kule mtaani Lucky Summer, mwaka wa tisini na nne: mimi, Mwende mke wa mwanangu Mutua, na jirani yetu Nafula, aliyemshika ndama. Mwende alitaka kumwita daktari wa mifugo amchome vijipembe visikue. "Mama, ukimuumiza huyu, hutamgusa tena," akaniambia.

Basi nikamnyoa ndama nywele za kichwani, nikavichoma vijipembe kwa chuma chekundu cha moto mpaka kila kimoja kikazungukwa na duara la kahawia, kisha nikapaka dawa ya zambarau nzi wasitage mayai. Ndama akaenda kunyonya. Mwende akanyamaza, na kumnyamazisha Mwende si kazi ndogo.

Nikajifuta jasho, nikatoka kujitangaza. Wanawake wa bombani wakanitazama wakitabasamu. Nikajua habari zimefika. Kadogo muuza mboga akaziba mdomo, nikasema amestaajabu. Vijana wa kona wakasema, "Shosho, bibi yetu, leo uko juu," nami nikawapungia mkono kama mbunge.

Nikawakuta akina mama wa maombi, nikawaeleza yote. Mama Wambua akanisikiliza hadi mwisho, akauliza polepole, "Na hiyo dawa, Mama Mutua, ulimpaka ndama au ulijipaka wewe?" Akanipa kioo cha mkobani. Nilikuwa nimejifuta jasho kwa kitambaa nilichompakia ndama dawa. Uso wote zambarau, masikio pia.

Lakini vidonda vilipona bila funza hata mmoja. Kama mwenye kioo alikuwa Mama Kilonzo wala si Mama Wambua, nisahihisheni, mliokuwepo.