Kompyuta Tano Katika Duka la Kanzu

Duka la baba lilikuwa mtaa wa Wandegeya, jirani na chuo kikuu, hatua chache kutoka sokoni, na kwa miaka mingi liliuza kanzu, kofia, udi na vitambaa vya mapazia. Mimi na kaka yangu, aliyenizidi miaka mitano, tulikulia juu ya marobota ya vitambaa hivyo. Tulipokuwa wakubwa, wanafunzi wa chuo kikuu walianza kuchungulia mlangoni wakiuliza kama tunajua mahali pa kufungua barua pepe. Hawakutaka kanzu. Kaka akamwambia baba kwamba watu kumi kwa siku wanaingia wakiuliza kitu tusichonacho, na mfanyabiashara mwenye akili hukiweka kile anachoulizwa.

Baba alikubali baada ya wiki mbili. Alitupatia nusu ya kushoto ya duka, akahamishia marobota yote upande wa kulia, akatutahadharisha kwamba udi hautaacha kuchomwa kwa sababu ya mashine. Kwa hiyo wateja wetu walisoma barua zao katika moshi wa udi, na sikumbuki hata mmoja aliyelalamika.

Kompyuta zilikuwa tano, na hakuna mbili zilizofanana. Tatu zilikuwa za mkono wa pili, za kawaida tu. Ya nne alinunua kaka, mpya, ya rangi ya fedha, na kila asubuhi aliifuta kwa kitambaa cha pamba kabla hajamsalimia mtu. Ya tano ilikuwa kubwa na nzito, imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Ofisi moja ya mtaa wa Nakasero ilikuwa ikihama, wakatupatia bure. Ndiyo niliyopewa mimi niishughulikie, kwa kuwa nilikuwa nimetoka kumaliza diploma yangu ya kompyuta na kaka alitaka kuona kama imenifaa.

Zote zilitumia Windows. Ile ya tano ilikuwa imejaa virusi kiasi kwamba ukibonyeza kitu ungeweza kwenda kusali ukarudi ukaikuta bado inafikiri. Siku moja mteja wetu, mwanafunzi mwembamba wa uhandisi aliyevaa miwani mikubwa, aliniletea diski iliyoandikwa kwa kalamu ya wino: Linux. Akaniambia ni mfumo wa bure, hauna makuu, na utaipa mashine kongwe pumzi mpya. Nilihangaika nao siku mbili. Nilipofanikiwa, kompyuta iliamka haraka kuliko nilivyowahi kuiona, na mimi nikajiona nimefufua maiti.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Kaka alitaka tuziuze zile kongwe tununue nyingine kama yake. Mimi nilishikilia kwamba kosa si la mashine bali la mfumo, na kwamba tukiziwekea zote Linux hatutahitaji kununua kitu. Tulibishana dukani, tukabishana njiani, tukabishana mezani mama akipakua wali. Wateja nao wakagawanyika. Walikuwepo waliokataa kukaa kwenye kompyuta yangu kwa sababu haikuwa na ile picha ya kilima cha kijani waliyoizoea, na walikuwepo walioingoja wakiziacha nyingine wazi.

Baba, ambaye hadi siku hiyo hakuwa amegusa kibodi, alichoka. Alisema Jumapili alasiri, duka likiwa tupu, kila mmoja wetu atafungua ukurasa ule ule kwenye kompyuta yake, na atakayetangulia ndiye atakayeamua mambo ya upande wa kushoto. Tulichagua ukurasa wa mbele wa gazeti uliojaa picha. Tukaanza kuzozana nani ashike saa, maana kaka hakuniamini na mimi sikumwamini. Baba akatoa tasbihi mfukoni. Akasema atahesabu yeye, kwa mwendo ule ule anaotumia baada ya sala kila siku, na hakuna atakayemwambia kwamba mkono wake una haraka.

Alikaa kwenye kigoda katikati yetu. Kaka alianza. Ukurasa ulishuka kwa vipande, jina la gazeti kwanza, halafu maandishi, halafu visanduku vyeupe vilivyongojea picha zao. Punje arobaini na moja. Nikafuata mimi. Punje kumi na tisa, na kila kitu kilikuwa mahali pake. Wanafunzi wachache waliokuja kutazama walicheka, mmoja akampiga kaka begani. Kaka aliitazama kompyuta yake kama mtu aliyeaibishwa na mwanawe mbele ya wageni. Akatoka nje.

Baba alinikabidhi ufunguo wa kabati la upande wa kushoto. Niliupokea, na tayari nilikuwa najua.

Asubuhi ya siku ile ile, nikijaribu mashine, nilikuwa nimeufungua ukurasa huo huo wa gazeti. Kompyuta huhifadhi kile ilichokwisha kukiona, ili isikiombe upya. Kwa hiyo yangu ilivuta sehemu kubwa ya ukurasa kutoka tumboni mwake yenyewe, wakati ya kaka ililazimika kuvuta kila kitu kutoka nje. Sikupanga hila. Lakini picha ya kwanza ilipojitokeza kwa haraka ile, nilielewa papo hapo kwa nini, na nilinyamaza.

Siku nne kaka hakugusa kompyuta. Alihamia upande wa kulia, akawa anakunja kanzu na kuwapimia watu mabega, kazi aliyokuwa ameiacha kwa furaha. Siku ya tano nilimfuata baba alipokuwa akipanga kofia, nikamweleza yote. Ilibidi nimweleze mara mbili, kwa sababu hakuelewa jinsi mashine inavyoweza kukumbuka. Alipoelewa, aliendelea kupanga kofia mpaka rafu ikajaa.

“Mimi hukunikosea kitu,” alisema. “Aliyekosewa yuko pale, anapiga pasi.”

Nikaenda kumwambia kaka. Aliisimamisha pasi, akanisikiliza hadi mwisho. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali, na ningeyastahili.

“Ungeniambia Jumapili, ningekucheka mwaka mzima,” alisema. “Leo sina hata hamu. Twende turudie.”

Tukarudia. Safari hii tulichagua kurasa ambazo hakuna kati yetu aliyewahi kuzifungua, na ilikuwa siku ya kazi, wateja wakiingia na kutoka. Baba alihesabu. Ya kaka punje thelathini na nane, yangu arobaini. Tukajaribu ukurasa mwingine: yangu thelathini na tano, yake arobaini na nne. Mwingine: zote mbili zikapita tisini na tisa na baba akalazimika kuanza tena tasbihi. Kisha, bila sababu tuliyoiona, zote mbili zikafika kabla ya ishirini. Mimi na kaka tulianza kutoa maelezo, yeye ya mashine, mimi ya mfumo, na kila elezo lilivunjwa na ukurasa uliofuata.

Baba aliweka tasbihi gotini. Akauliza kama tumeona kwamba yule binti aliyekuwa akitazama video kwenye kona alipoinuka kwenda zake, ndipo zote mbili zilipokimbia, na kwamba walipoingia wale vijana wawili, zote mbili zikazama. Tukageuka kutazama viti.

“Ninyi mnagombania ndoo,” alisema, “na bomba ni moja.”

Ilikuwa kweli. Kompyuta zote tano zilinyonya kutoka laini moja nyembamba ya intaneti. Nilikuwa na diploma iliyowekwa kwenye fremu nyumbani sebuleni, na jambo hilo nilifundishwa na muuza kanzu aliyekuwa akitazama watu wakikaa na kuinuka. Mashine na mfumo vilikuwa na tofauti yake, sikatai. Yangu haikuganda wala haikushikwa na virusi, ya kaka ilionyesha picha vizuri zaidi. Lakini tofauti ile tuliyoitolea roho ilikuwa ya punje mbili tatu.

Miezi michache baadaye nilijua kwa nini kaka alikuwa amelishikilia jambo lile kwa nguvu. Alikuwa akiomba nafasi ya kwenda Uturuki kusomea ufundi wa mitambo ya hospitali, na hakuwa amemwambia mtu. Fomu ya maombi ilikuwa na kurasa sita mtandaoni. Ukurasa mmoja ukichelewa kupita kiasi, fomu nzima ilijifuta, ukaanza upya. Alikuwa ameijaribu mara nyingi akashindwa, na alikuja kuniambia siku ya mwisho kabisa, zikiwa zimebaki saa mbili dirisha la maombi lifungwe. Akaniambia alitaka aniachie duka lenye mashine nzuri kabla ya kuondoka, ndiyo maana alikuwa akipigania zile mpya. Nikaenda kumwita baba.

Sijui baba aliipokeaje habari ile ndani ya nafsi yake, maana alipewa yote kwa pamoja: kwamba mwanawe anataka kuondoka, na kwamba asipoharakisha hataondoka. Alivaa kofia yake vizuri. Akavuka kwenda upande wa kushoto, ambako wateja wanne walikuwa wamekaa, na akazungumza nao kwa Kiswahili, lugha yetu ya nyumbani, yeye ambaye kwa kawaida aliwasalimia tu kwa Kiganda na kupita.

“Wanangu, naomba mniazime dakika kumi. Kijana wangu anataka kwenda kusoma, na hii njia haitutoshi sote.”

Mmoja alikuwa katikati ya kazi ya darasani, mwingine alikuwa akichati na mchumba wake, na alituambia hivyo bila haya. Wote wanne wakainuka. Walisimama nje kwenye baraza, mikono mifukoni, wakitazama bodaboda. Kaka alikaa kwenye kompyuta yangu kongwe. Aliichagua mwenyewe, akasema ya kwake inaweza kuganda na leo hataki kubahatisha. Kurasa zilifunguka moja baada ya nyingine kama hazikuwahi kujua uvivu. Katika ukurasa wa tano alikosea herufi mara mbili, nikamwandikia mimi jina la shule yake ya sekondari. Ukurasa wa sita ulijaza kioo na maneno mafupi: maombi yamepokelewa.

“Imekwenda?” aliuliza yule wa mchumba kutoka mlangoni. Kaka akatikisa kichwa kuitikia. Baba akawapitishia wote sahani ya kashata, akarudi upande wake, akakaa nyuma ya marobota kwa muda mrefu.

Kaka alipata nafasi, akaondoka kabla ya mvua za vuli. Kompyuta yake ya fedha nikaifuta mimi.

Katika miaka yote ya duka lile, ninazozikumbuka kwa uchungu mtamu zaidi ni asubuhi zilizofuata. Baba alianza kuja na mimi mapema, tukitoka tu nyumbani baada ya sala ya alfajiri, kabla ya mteja wa kwanza. Alisema anataka kujua habari za Uturuki. Alijifunza kuandika kwa kidole kimoja, akiitafuta kila herufi kama mtu anayetafuta sarafu mchangani. Tulisoma barua za kaka. Tulisoma magazeti. Kisha siku moja aliniomba nimtafutie picha za Bagamoyo, alikotoka babu yake na misafara ya biashara, mji ambao yeye mwenyewe hakuwahi kuuona.

Hata asubuhi, bomba likiwa letu peke yetu, picha kubwa haikuja yote kwa pamoja. Ilishuka kutoka juu, mstari kwa mstari. Mbingu ilitangulia. Baba aliinama mbele akaanza kuotea: hapo sasa zitakuja paa za makuti, hapo utatokea mnara, babu alisema palikuwa na mlango wenye misumari ya shaba. Mara nyingine alikosea na tulicheka. Mara nyingine ulitokea mlango, polepole, kizingiti cha juu, nakshi, misumari, na yeye akawa ameanza kunisimulia kabla haujafika chini. Hadithi nyingi za ukoo wetu nilizipata katika ngoja ngoja ile. Nimewahi kujiuliza ni ngapi ningezikosa kama laini ingekuwa nzuri.

Simu za kugusa zilipoenea, wanafunzi waliacha kuja. Nilifunga upande wa kushoto, baba akayarudisha marobota. Alifariki miaka mitatu baadaye, kitandani kwake, mimi na mama tukiwa naye. Kaka aliwahi mazishi kwa saa chache tu.

Sasa nafanya kazi katika ofisi Nakasero. Mezani nina kompyuta ya Windows, nyumbani nina nyingine yenye Linux kwa ukaidi wangu, na simu yangu huzishinda zote mbili. Ukurasa unafunguka kabla kidole hakijainuka. Nilipomtafutia binti yangu ule mji wa Bagamoyo, picha ilitokea nzima kwa mpigo mmoja, akasema ni nzuri, akaipitisha kwa kidole.

Ramadhani iliyopita kaka alikuja na familia yake, na siku moja tukatembea Wandegeya, sisi wawili. Mahali palipokuwa duka letu sasa mama mmoja anauza chaja na kava za simu, na nyuma yake kuna mashine ya kutoa nakala. Alituuliza kwa Kiganda tunataka nini. Kaka, ambaye Kiganda chake kimekauka huko ugenini, akamjibu kwa Kiswahili kwamba anatafuta waya wa chaja. Mama yule akatutazama vizuri, akauliza kwa Kiswahili cha kuokoteza.

“Nyinyi natoka Kenya?”

“Hapana, mama,” kaka alisema. “Sisi ni wa hapa hapa.”

Akatuchagulia waya mrefu, akaujaribu kwanza kwenye simu yake mwenyewe ili tuone unafanya kazi, akaufunga kwenye karatasi. Tulipotoka, kaka alisimama kwenye baraza akitazama magari yakipita kuelekea mjini, nami nikasimama kando yake, mpaka tukasikia adhana ya alasiri tukaenda kusali.