Nyasi Alizokata Mama

Kwenye kituo cha utafiti wa malisho wenzake walimwita Nyungunyungu, na hata bosi akimtafuta aliuliza, "Nyungunyungu kaingia?" Kazi yake ilikuwa hiyohiyo miaka kumi na tisa. Anakandamiza fremu ya mbao ardhini, anamwaga humo ndoo ya maji yaliyokorogwa unga wa haradali, kisha anachuchumaa. Haradali inawasha. Baada ya dakika chache nyungunyungu wanaibuka wakijinyonganyonga, anawaokota, anawasuuza, anawahesabu, halafu anawarudisha kwao. Kwake yeye shamba si kile kinachoota juu. Shamba ni ule umati ulio chini.

Jumapili moja asubuhi alibeba fremu na ndoo hadi shamba la marehemu mama yao, alikobaki dada yake mkubwa na ng'ombe wawili. Moyo wake haukutulia. Mbegu za malisho ya shamba lile alizileta yeye, mama angali hai. Stoo ya kituo ilikuwa na magunia mawili ya kugawa: moja limeliwa na wadudu, jingine halikuguswa. Nani angechagua lililoliwa? Juzi tu mtaalamu wa darubini alimwonyesha kilichowafukuza wadudu. Ndani ya mbegu mlikuwa na kuvu, nyuzi nyembamba kuliko unywele. Kuvu hiyo huishi ndani ya nyasi bila kuonekana, huzitengenezea sumu ya kujikinga, kisha huingia kwenye mbegu mpya.

"Na udongo? Sumu hiyo haiudhuru?" aliuliza.

"Inategemea mahali," mtaalamu alijibu. "Nenda kapime."

Dada alimpokea getini. "We Nyungunyungu, umekuja kuwasalimia wanao?"

"Nimekuja kuwahesabu, dada."

"Wahesabu, basi. Shamba limenawiri hilo, hata panzi hatui."

Alianza nje ya uzio, penye nyasi za kujiotea. Ishirini na mmoja. Akaingia ndani, kwenye kijani kizito, akamwaga, akangoja. Alitoka mmoja. Akangoja tena, mpaka miguu ikafa ganzi. Hakutoka mwingine.

"Labda wamelala," dada alisema, lakini hakucheka.

Akapanua nyasi kwa mikono. Chini yake kulikuwa na zulia la nyasi zilizokauka, zimelala kwa mistari, ncha zote zimekatwa mshazari kuelekea kulia. Katika ukoo mzima, aliyekata kwa mkono wa kushoto alikuwa mmoja tu: mama.

"Hizi ni za lini?"

"Wiki ile kabla hajaugua."

"Miaka miwili, dada! Zingekuwa zimeshakuwa udongo."

"Najua." Sauti ya dada ilishuka. "Kila asubuhi nazifunua kidogo. Naona kama ameweka mundu chini sasa hivi, kaenda kunywa maji."

Nyungunyungu aliziachia nyasi. Akamweleza yote: gunia, kuvu, nyasi zinazokataa kuoza, ardhi isiyo na nyungunyungu wa kuzila. "Lazima tulilime lote, tupande mbegu nyingine. Tukiliacha, udongo huu utakufa."

"Wewe ndiye uliyemletea mama mbegu hizo. Sasa unataka kumtoa yeye?"

Nyungunyungu aliitazama mistari ile, nadhifu, kama iliyokuwa ikisubiri mtu arudi kuikusanya.

"Tukilima," dada aliuliza, "zitaoza?"

"Zitaoza. Polepole, lakini zitaoza."

"Zote?"

"Zote, dada."

Dada akaingia bandani akatoka na jembe. Nyungunyungu alipomnyooshea mkono ampokee, dada alimsukuma kando. Pigo la kwanza lilidunda. La pili lilichana lile zulia kwa mlio wa kitambaa kikuukuu, na chini yake udongo ulikuwa mgumu, mkavu, kimya kabisa.

Dada aliinama juu ya ufa ule, akasema taratibu, kama anayeongea na mtu wa chumba cha pili, "Mama, samahani. Tunapita."