Stika Iliyobanduliwa

Ukitaka kumwona Mama Poda akitoa povu, iguse fandesheni yake ya kupaka uso bila kumwomba. Bibi harusi mmoja, kavaa gauni lake jeupe lenye mkia wa kujaza korido, alishawahi kukemewa kama mtoto aliyeshika wembe. "Weka chini hiyo, mama! Unadhani maji ya bomba hayo?" Bibi harusi akaweka. Siku ya harusi yake, jamani, na bado akaomba radhi.

Jina hilo alipewa na wateja, na likamganda hadi mumewe naye akalizoea. Huu ni mwaka wa kumi na sita anapamba maharusi katika chumba kimoja cha ghorofa ya pili, juu ya duka la dobi. Ana kioo chenye taa sita, moja imeungua. Ana kiti kirefu, taulo jeupe la kupangia vifaa, na dirisha ambalo halifungi vizuri. Kupitia hapo mvuke wa pasi za dobi unapanda kutwa nzima, na chumba kinakuwa na joto la sufuria iliyofunikwa. Mekapu ya bei poa humo haina maisha, mteja anaingia na uso na kutoka na michirizi. Mama Poda alijaribu aina zote, na iliyokubali kukaa ni moja tu. Ni ya kichupa cha kioo, kifuniko rangi ya dhahabu, namba saba, inatengenezwa nchi ya mbali huko. Duka kubwa la vipodozi la mjini wanaiweka kwenye kabati lenye kufuli. Bei yao laki na thelathini, na muuzaji akikutajia anakuangalia viatu kwanza.

Sasa, Mama Poda ana mdogo wake. Ni wa tumbo moja, walilala kitanda kimoja hadi mkubwa alipoolewa, na baada ya wazazi kutangulia hakuna ndugu mwingine aliyebaki. Mdogo mtu huyo alipata kazi nje, hotelini, kufua na kukunja mashuka. Si nchi ile inayotengeneza fandesheni, ni nyingine kabisa. Mwaka wa kwanza walikuwa wanapigiana simu kwa kubahatisha tu. Halafu siku moja Mama Poda akalalamika kuhusu ile laki na thelathini, na mdogo wake akasema, "Ah, dada! Huku ni elfu tisini tu. Nikuchukulie?"

Nani akatae? Tangu siku hiyo ni mwaka wa nne, kila baada ya miezi miwili kifurushi kinaingia posta. Mama Poda anatuma pesa na ujumbe: "Nichukulie namba saba, mbili." Mdogo mtu anajibu kwa sauti, ujumbe mrefu wa dakika nne, tano, mara mwenye nyumba kafanya hivi, mara baridi imekuwa vile, mara kuna mwenzake kazini anayekoroma wakati wa mapumziko. Mama Poda anasikiliza mpaka pale penye "nimeshanunua," kisha anazima, maana kuna mteja kitini ana kope moja ya bandia na anasubiri ya pili.

Na alijigamba, usiseme. Kila bibi harusi alionyeshwa kichupa. "Hii imetoka nje kwa mkono wa mdogo wangu. Wengine wanapigwa laki na thelathini hapo mjini, mimi tisini!" Kitu kimoja tu hakuwahi kukiuliza. Chini ya kila boksi palikuwa na alama nyeupe ya gundi, mahali palipobanduliwa stika ya bei. Alidhani ni ustaarabu wa huko.

Basi akaja bibi harusi mmoja, muuza dawa, binti asiyeachia simu hata akipakwa wanja. Akaandika jina la kichupa kwenye simu, akakunja uso.

"Usikunje, rangi haijakauka," alisema Mama Poda.

"Anti, hawa wanaotengeneza wenyewe naona wanauza kama elfu sabini. Wewe umesema tisini?"

"Lete hapa."

Akaangalia. Kichupa ni kilekile, kifuniko kilekile, namba saba ileile. Binti akacheka, hata hakuwa na nia mbaya. "Hapo kuna mtu anakula cha juu, anti."

Neno hilo lilimchoma. Alimaliza kazi ile harakaharaka, akampa yule binti nyusi ambazo hazikulingana, moja imeshangaa na nyingine imenuna. Alipobaki peke yake alitoa maboksi yote matupu aliyoyahifadhi chini ya kiti, akayageuza. Gundi, gundi, gundi. Hakuna hata moja lililosalimika. Mtu asiyeficha kitu habandui stika! Elfu ishirini kila kichupa, vichupa viwili kila miezi miwili, miaka minne. Na yeye alikuwa akimsifia mbele ya watu!

Mumewe, mwalimu wa hesabu, alijaribu kumtuliza. "Bei ya kitu inategemea nchi. Kuna kodi, kuna usafiri, kuna watu wa huko wanalipwa kiasi gani."

"Kichupa si kilekile?"

"Kilekile."

"Fandesheni ya ndani si ileile?"

"Ileile."

"Sasa inajuaje iko nchi gani mpaka ibadilishe bei?"

Mwalimu akarudi kwenye daftari zake. Ameshafundisha watoto wa watu mambo magumu zaidi ya hayo, lakini kwa mkewe aliona heri anyamaze.

Mama Poda hakunyamaza. Alishika simu akamtolea mdogo wake uvivu kwa dakika tatu nzima. Alimwambia amejua kila kitu. Alimwambia kumpaka dada yako mafuta kwa mgongo wa chupa miaka minne ni roho ya ajabu, na kwamba marehemu mama angekuwepo angeona aibu. Alipotuma, alikodolea simu macho. Tiki mbili zikageuka buluu. Maana yake amesikia.

Jibu halikuja. Siku ile, wiki ile, wiki iliyofuata, kimya. Mama Poda alijiambia kwamba kimya hicho ndicho ushahidi wenyewe, mwizi atasema nini? Lakini alikuwa akiangalia simu hata katikati ya kupaka watu lipstiki. Wiki ya tatu kikaingia kifurushi posta, kama kawaida, vichupa viwili alivyokuwa ameagiza kabla ya ugomvi. Stika zimebanduliwa, kama kawaida. Hapo akachanganyikiwa zaidi. Mtu ametukanwa hivyo, na bado anatuma? Anaomba msamaha, au anamdhihaki? Alikisukuma kifurushi chini ya kiti, na kila akipita anakiangalia kwa jicho la pembeni.

Akaja mteja wake wa siku nyingi, mhudumu wa ndege, ambaye kila mwezi huja kutinda nyusi. Ilikuwa Jumamosi mchana, dobi anachapa kazi chini, mvuke umejaa chumba. Nyusi moja ilikuwa imekwisha pale mhudumu alipoinama kwenye mkoba wake akatoa boksi.

"Shosti, safari hii nilipelekwa mji wa mdogo wako. Nikasema ngoja na mimi nijaribu hiyo tisini yako unayotuimbia. Nimekwenda duka lilelile la mifuko ya zambarau anayokufungia." Akamkabidhi, pamoja na risiti. "Hivi nilipigwa, au vipi? Maana nilishika kichwa."

Chini ya boksi stika ilikuwepo, haijaguswa, na namba za pesa ya huko. Mama Poda aliita kwa sauti ya kutoboa ukuta, "Baba wee! Njoo na kalamu!"

Mwalimu alikuwa kwenye korido, nje ya mlango, anasahihisha mitihani. Akaja, akaiangalia stika, akaandika pembeni ya karatasi ya mwanafunzi, akakata, akaandika tena.

"Laki na nusu."

"Gawanya tena."

"Hapa hatugawanyi, tunazidisha."

"Basi zidisha vizuri! Huko ni nje, haiwezi kuwa ghali kuliko hapa kwetu!"

"Nimezidisha mara mbili, mke wangu. Laki na nusu. Na risiti hii hapa ya mteja wako inasema hivyohivyo."

Mama Poda alikaa kwenye ukingo wa meza, juu ya sponji mbichi, na wala hakusikia. Wanaotengeneza, sabini. Duka la hapa mjini, laki na thelathini. Mdogo wake, tisini. Na huko anakonunua huyo mdogo wake, laki na nusu! Mtu anakula cha juu vipi kwa kununua laki na nusu na kuuza tisini? Kwa kukunja mashuka ya watu? Aligeuza lile boksi, akaisugua stika kwa kidole gumba kana kwamba chini yake kuna bei nyingine. Alama aliyokuwa akiiona kila siku, ile ya gundi nyeupe, sasa ilimtia hofu.

"Alikuwa ananificha," alisema polepole. "Lakini si kama nilivyodhani."

Akashika simu. Mhudumu wa ndege, nyusi moja imechongwa na nyingine bado msitu, akanyoosha mkono kumwonyesha kwamba asijali.

Simu iliita muda mrefu. Mama Poda alikuwa tayari anakata tamaa aliposikia, "Haloo, dada."

Sauti ilikuwa ya uangalifu, kama ya mtu anayesubiri kofi. Mama Poda alikuwa amepanga kuomba msamaha kwa utaratibu, lakini mdomo wake una tabia zake.

"Wewe mtoto una wazimu? Laki na nusu! Nimeiona stika! Kwa nini uliniambia tisini?"

Mashine za kufulia zilisikika zikinguruma upande wa pili.

"Siku ile tisini niliitaja kwa kukisia tu," alisema mdogo wake. "Sikujua bei. Nilivyofika dukani nikashtuka, lakini nilikuwa nimeshakwambia."

"Si ungenirudia ukaniambia! Mimi ningenunua hapahapa mjini, na wewe ungebaki na pesa zako!"

"Ndiyo, dada. Ungenunua hapo."

"Sasa?"

"Sasa ungenipigia kwa lipi?"

Mama Poda alijaribu kukumbuka mara moja, hata moja tu, katika miaka minne, aliyompigia mdogo wake bila kutaja namba saba. Alikumbuka mwenye nyumba, baridi, mtu anayekoroma, mambo aliyoyakata katikati, na hakujua hata moja liliishaje. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa taulo la kazi, likamwachia rangi za maharusi wa wiki nzima usoni.

"Dada? Upo? Kama ni ile pesa inayokusumbua, mimi sidai…"

"Nyamaza na pesa. Nisamehe. Yale niliyoyasema nisamehe." Akavuta pumzi, akatafuta neno la kuendelea, na neno lililokuja lilikuwa dogo kabisa. "Umekula?"

Mashine zikanguruma. "Bado. Ndiyo kwanza niko kwenye mapumziko."

"Basi kula. Kula mimi nikiwa hapa hapa, sikati." Akavuta kiti cha plastiki, akakaa mgongo kwa kioo, taa tano zikimmulika kisogoni. "Na huyo mwenzako anayekoroma, ilikuwaje? Anza mwanzo."

Mwalimu akarudi taratibu kwenye mitihani yake. Mhudumu wa ndege alikaa na nyusi yake moja karibu saa nzima, na kila Mama Poda alipogeuka kumwangalia, alimwashiria kwa mkono aendelee.