Benchi la Nyuma la Basi la Mapendo

Ngozi ya bandia ikipigwa na jua ina harufu yake. Kwetu tunaiita sikai, ile inayofunika viti vya magari. Ikipata joto hunuka mpira, vumbi na mazutu ya injini, na kama kiti ni cha zamani hunuka pia maziwa yaliyomwagika na kuku waliosafiri chini yake. Mwezi uliopita nilipanda basi dogo hapa Goma kwenda nyumbani, nikaketi, na kabla sijaufunga mkoba wangu harufu hiyo ikanijia puani. Mimi, mtu mzima, fundi cherehani mwenye wanafunzi wake, machozi yakanilengalenga mbele za watu. Kijana aliyeketi karibu nami akaniuliza kama nilikuwa mgonjwa. Nikamwambia hapana, ni kiti tu. Akasogea kidogo upande wa dirisha.

Kwetu ni kwenye kilima kimoja juu ya barabara itokayo Bihambwe kwenda Masisi. Ni watu wa maharagwe na mihogo, na asubuhi ukungu hukaa kwenye mabonde hadi wavivu wamalize kuamka. Nilipokuwa mdogo barabara ile ilikuwa na basi lake. Lilikuwa la buluu, na juu ya kioo cha mbele liliandikwa MAPENDO kwa rangi nyekundu. Honi yake ilikufa kabla sijazaliwa, kwa hiyo kazi ya kuita watu ilikuwa ya konvwayeri wake, Bauma, jirani yetu. Alining'inia mlangoni, filimbi shingoni kwa kamba ya kiatu, na kabla ya kila kituo alipiga mbili fupi na moja ndefu. Mlio ule ulipanda vilima. Watu wakateremka mbio na magunia, kuku, na fromaji, jibini za kwetu, zilizofungwa kwenye majani ya ndizi, kila mmoja akiomba asiachwe.

Koko wangu, mama yake Papa, alikumbuka wakati Mapendo lilipofika Walikale kabisa, ndani ya msitu, na kurudi likinuka mawese na samaki wa moshi. Kisha daraja moja likaanguka, basi likaishia Nyabiondo. Ikaja miaka ya risasi, likaishia Masisi. Njia ile ilikuwa ikiisha kama sabuni, na sisi tulikuwa tukiiangalia tu. Mwishowe, msimu mmoja wa mvua, mlima uliporomoka huku na huku, na Mapendo likabaki kwenye kituo chetu, Mikaratusi, haliwezi kwenda wala kurudi. Kiangazi tajiri wake alifika kwa taabu na lori, akachukua injini na magurudumu, akaliacha bodi lake juu ya mawe. Akamwambia Bauma alilinde mpaka barabara itakapotengenezwa.

Na Bauma alililinda. Kila Jumamosi alilifagia, akafuta vioo, akafukuza kuku waliotaka kutagia kwenye usukani. Sisi watoto alituruhusu kucheza ndani, ila tupanguse miguu kwanza. Tuligombea kiti cha shofere hadi tukang'oana vifungo vya mashati. Mimi sikugombea. Mahali pangu palikuwa benchi la nyuma, refu, la sikai nyekundu, ambalo nikilala chali nililijaza nusu tu. Hapo nilisafiri hadi Walikale kila siku baada ya shule, ingawa hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona. Niliamini kabisa kwamba basi lile lingerudi barabarani. Ila lisipungue kitu. Likipungua hata skurubu moja, niliwaza, litasahau njia.

Sasa lazima niwaambie habari za ngobyi. Kabla ya basi, kila kilima kilikuwa na ngobyi yake, machela ya mianzi iliyosukwa kwa kamba za porini, ya kubebea wagonjwa. Kulikuwa na sheria: mgonjwa akipatikana, kila nyumba inatoa bega. Asiyetoa bega anawanywesha wenzake mtungi wa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, na kwa mwaka mzima anachekwa. Mapendo lilipoanza kupita, watu wakasema, mbona tujichoshe? Wagonjwa wakaanza kwenda hospitali kwa basi, wameketi kama wakubwa. Ngobyi ya kilima chetu ikabaki jikoni kwa Koko, akianikia maharagwe. Halafu mvua moja ikalowesha kuni zote, naye akaivunja, akaiwasha. "Ile maharagwe iliiva muzuri sana!" alipenda kusema, akicheka hadi anashika mbavu. Shuleni tulipofundishwa usiache mbachao kwa msala upitao, sikuhitaji kuelezwa.

Siku ambayo Koko hakucheka ilikuwa siku ya soko, mvua imetoka kukatika. Mama alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu jana yake. Mkunga wetu alimpapasa tumbo, akatoka nje akijifuta mikono, akamwambia Papa kwamba mtoto amekingama na lazima Mama afike hospitali ya Masisi kabla ya jioni, la sivyo tutawazika wote wawili. Alisema hivyo hivyo, mbele yangu. Mwenye pikipiki akaitwa. Akaangalia matope, akaangalia Mama alivyojikunja, akatikisa kichwa. "Papa, unisamehe. Na hii matope, nitamuangusha. Nitamuua."

Papa alisimama uani ameshika kamba ya ng'ombe, hajui aifunge wapi. Koko aliketi kizingitini. "Nilichoma mabega ya batu," alisema, na sauti yake sikuitambua.

Mama alipopiga ukelele mwingine nilikimbia. Nilikimbilia mahali pekee nilipopajua, benchi langu la nyuma, nikalala kifudifudi, pua kwenye sikai, masikio nimeyaziba. Ndipo nilipohisi mkono begani. Alikuwa Bauma, na kwa mkono wa pili alikuwa ameshika spana.

"Shuka, Riziki," alisema.

Nikaelewa anachotaka kufanya, nikalikumbatia lile benchi kwa nguvu zangu zote. "Ukiondosha hii kiti, basi itarudi namna gani?"

Bauma aliangalia nje kupitia kioo alichokifuta kila Jumamosi. Barabara ilikuwa imeota majani hadi magotini.

"Basi iko na viti mingi," alisema. "Mama yako iko mumoja tu."

Nikashuka.

Skurubu zilikuwa zimeshika kutu, ila zilitoka, kwa sababu miaka yote ile alikuwa akizipaka mafuta. Wakakata miti miwili ya mkaratusi, wakalifunga benchi katikati kwa kamba ya ng'ombe, wakatandika blanketi, wakamlaza Mama. Wanaume waliobaki kilimani walikuwa wanne, Bauma na Papa wakiwamo. Wengine walikuwa sokoni na kwenye mashamba ya mbali. Mimi nilipewa beseni la vitenge na sabuni nilibebe kichwani. Papa alisema kwa sauti ya chini, "Tuko bane tu. Masisi iko mbali." Bauma akajibu, "Tuende kwanza."

Benchi la basi si mianzi. Lina chuma ndani. Hatukuwa hata tumekaribia kituo cha Darajani nilipoona mti ukizama begani mwa Papa na mishipa ya shingo yake ikisimama. Miguu ya jirani mmoja iliteleza, Mama akashika mti wa machela kwa mikono miwili akiita jina la Yesu. Hapo niliona kwamba hatufiki. Mtoto hujua mambo hayo kwa kuangalia shingo za wakubwa.

Basi Bauma, mti ukiwa begani, akatafuta filimbi kifuani kwa mkono mmoja, akaitia mdomoni. Mbili fupi, moja ndefu.

Kisha nikasikia sauti za watoto juu kwenye migomba: "Mapendo! Mapendo imerudi!" Wakateremka. Ee, msomaji wangu, waliteremka kama zamani! Wanaume na magunia ya maharagwe, wanawake na fromaji vichwani, na bibi mmoja na kuku kwapani, amevaa viatu vyake vya kanisa. Wote wakitabasamu. Wakafika barabarani, wakatazama kulia, wakatazama kushoto, wakatuona sisi na Mama juu ya benchi jekundu.

Nilitaka ardhi inimeze. Nilifikiri watatutukana.

Mwanaume mmoja mnene alitua gunia lake kwenye matope, hata hakuangalia linaangukia wapi. Akaja moja kwa moja kwa Papa, akaingiza bega lake chini ya mti. "Shuka, Papa," alisema. "Miye ninapanda."

Na wengine wakaja. Bauma alipoachilia nafasi yake, ile sauti yake ya zamani ya mlangoni ikamtoka: "Benye kushuka bashuke! Benye kupanda bapande!" Mtu akacheka. Mama naye akacheka, nilimwona kwa macho yangu, halafu uchungu ukamkata kicheko katikati.

Hivyo ndivyo tulivyokwenda. Darajani, kwa Mama Fromaji, kwenye barye ya mvua, kile kizuizi cha magari, Lushebere: kila kituo cha Mapendo, filimbi, watu na magunia yao, magunia chini, mabega juu. Walioshushwa walitufuata nyuma wakiimba nyimbo za kanisa ili wapokezane tena. Tulikuwa tumetoka na wabebaji wanne, tukaingia Masisi kama msafara wa harusi, na mlinzi wa lango la hospitali akafungua mbawa zote mbili akidhani ni mkubwa fulani anakuja.

Daktari alimchukua Mama. Papa aliketi uani juu ya lile benchi, peke yake katikati ya benchi la watu watano, na hakuna aliyethubutu kukaa karibu naye. Jua lilikuwa halijazama tuliposikia mtoto analia. Wa kiume, mwenye mapafu. Mama alikuwa hai, amechoka, anaomba chai. Papa alitaka mtoto aitwe Mapendo, ila Koko, habari zilipomfikia, akakataa katakata, akasema mjukuu wake hawezi kubeba jina la gari bovu. Akaitwa Safari.

Tukirudi, tulikuta magunia bado yamesimama kwenye vituo, yakingoja wenyewe, hakuna aliyeyagusa. Mimi nilikuwa bado na donge moyoni. Nilimvuta Bauma shati. "Ulibadanganya," nilimwambia. "Balifikiri ni basi." Aliendelea kutembea. "Nilibaita," alisema. "Ndipo balikuya."

Jibu hilo halikunitosha. Kwa miaka mingi niliwakumbuka watu wale na magunia yao, hasa yule bibi na viatu vyake vya kanisa, nikaona kama tuliwaibia kitu. Nilipokuwa msichana mkubwa ndipo nilipoanza kumfikiria Bauma mwenyewe, na madirisha yake safi yanayotazama majani. Alijua. Alikuwa amejua tangu siku ya lori kwamba Mapendo halitarudi, na bado alifagia, kwa sababu sisi watoto tulikuwa tukisafiri humo ndani. Siku ile alipoishika spana, aliyekuwa akishuka kwa kweli alikuwa yeye. Nilimpenda sana nilipoelewa hilo, na nikaona aibu kwamba ilinichukua muda wote huo.

Benchi halikurudishwa kwenye basi. Likawa ngobyi ya kilima, na sheria ya bega ikarudi pamoja na faini yake ya kasiksi. Bauma akazeeka, pumzi ikampungukia, akamwachia filimbi Safari.

Sasa turudi kwenye lile basi dogo la mwezi uliopita. Barabara yetu imetengenezwa tena. Kwa muda gani, sijui, maana ni kama mgonjwa wa malaria, leo nafuu, kesho homa. Lakini basi linapita, lina magurudumu yote, na konvwayeri wake, kijana wa Bihambwe, ana filimbi shingoni ya kufukuza ng'ombe barabarani. Tulipokaribia Mikaratusi nilikuwa bado nimelewa harufu ya sikai. Nikamwambia, "Kaka, tafazali, piga mbili fupi na moja ndefu. Ndugu yangu atasikia, atakuya kunisaidia mizigo."

Akapiga.

Wakateremka mbio. Wanaume, vijana, wengine vifua wazi, udongo wa shamba bado miguuni. Hakuna aliyekuwa na gunia. Hakuna fromaji, hakuna kuku. Walikuja na mabega yao tu, na nyuma yao Safari na mwenzake wamebeba benchi jekundu, miti yake imeshafungwa. "Mugonjwa iko wapi?" walipiga kelele. "Mugonjwa iko wapi?" Abiria wakaanza kutazamana. Yule kijana wa dirishani akanitazama mimi.

"Hakuna mugonjwa," nilisema nikicheka na kulia kwa pamoja. "Ni miye. Nimekuya na basi."

Mzee Bauma alifika wa mwisho, na fimbo. Alilizunguka basi, akaweka kiganja kwenye ubavu wake uliokuwa bado na joto, akachungulia ndani hadi kiti cha nyuma. Uso wake ulikuwa wa furaha tupu. Kisha akamgeukia konvwayeri.

"Basi iko muzuri, kijana," alisema. "Ila utafute honi. Ile filimbi hapa iko na kazi yake."

Wakaweka mizigo yangu juu ya benchi, wakainyanyua kwa hesabu yao ya siku zote, tukaanza kupanda kilima.