Bandari Yangu Kwenye Uga wa Mama

Enzi zetu pale kijijini Issuna hatukuhitaji atlasi ili kugombania nchi. Tulikuwa na uga wa mama, uwanja wa kupuria uwele, uliosiribwa kwa kinyesi cha ng'ombe ukawa laini kama ukuta. Kila mtoto alichora nchi yake kwa kijiti. Ukipigwa na mpira wa matambara, nchi yako inamegwa, kadiri mkono wa mshindi utakavyofika.

Mimi nilikuwa Namibia. Kaka yangu Njiku, mkubwa kuliko sisi sote, alikuwa Afrika Kusini. Mwalimu alikwishatueleza jinsi Afrika Kusini ilivyoikalia Namibia, na Njiku alilipenda somo hilo kupita kiasi. Alinimega kila siku, hadi nikawa nasimama kwa mguu mmoja, jua kichwani.

Siku redio ya baba, ile ambayo betri zake tulizianika juani zipate nguvu, ilipotangaza kuwa Namibia iko huru, nilikimbilia ugani.

"Kaka, nipe uhuru wangu!"

"Chukua. Ila bandari inabaki kwangu. Si umesikia? Bandari ya Walvis Bay, Afrika Kusini haijaiachia."

Bandari ilikuwa ile kona yenye kivuli cha ghala, kilipokaa kibuyu cha togwa. Uhuru bila kona ile ulikuwa kuungua na jua tu. Nikakaa juu ya mpaka, nikaapa sitoki.

Mama akatukuta. "Nyie! Kesho napura uwele, mmeniharibia uga! Kaleteni kinyesi!"

Tukasomba, tukasiriba kwa viganja. Tulipofika kwenye kona, Njiku akaupaka mpaka wake mwenyewe ukapotea.

"Haya, Namibia, bandari yako hiyo. Nisogezee kibuyu."

Tangu hapo nimetangatanga sana. Nilidandia malori ya safari ndefu pale Shelui, mwishowe nikafika Walvis Bay yenyewe, ambayo nayo ilisharudishwa kwa Namibia. Nikampigia Njiku.

"Shikamoo kaka. Nipo bandarini kwetu."

"Marahaba. Kuna kivuli?"

"Hakuna. Mchanga na upepo tu."

Akacheka mpaka salio langu likaisha.

Siku hizi watoto wake pale mjini Mandewa wanaivuta ramani ya Namibia nzima kwa vidole viwili, kila mmoja na simu yake, kona yake. Hawagombani kabisa. Ukiwatajia kinyesi cha ng'ombe wanaziba pua.

Mwezi uliopita nilipita Issuna. Uga umemwagiwa saruji. Nikajaribu kuchora kwa kijiti, haikukubali hata mstari, na Njiku alikuwa mjini. Kivuli chote kilikuwa changu. Nikanywa togwa peke yangu.