Siku Kompyuta Ilipohifadhi Hasira Yangu

Aibu iliyonipata kwetu Minago, Burundi, mbele ya wakwe naikubali yote, na anayetaka kuicheka aicheke; kuomba radhi ndiko nisikokubali.

Nina desturi ninayoiona ya kiungwana. Mtu akiniudhi sipazi sauti: nafungua kompyuta, namwandikia maneno makali yote yanayomstahili, kisha nafunga, na programu ya kuandikia inaponiuliza kama ihifadhi, najibu hapana, nami naenda kuswali moyo ukiwa safi. Lakini umeme wetu ulikwisha kunimezea kurasa nyingi (tena nzuri), basi nikaingia kwenye mipangilio nikaiamuru programu ihifadhi yenyewe kila ninapoandika. Nikajiona fundi. Sikufikiri kwamba mashine iliyokwisha kuamriwa haiulizi tena.

Wakati huo Mwajuma, binti wa kaka yangu Rashidi, alikuwa anaposwa na mjukuu wa Mzee Sadiki. Mwaka wa sabini na mbili wazazi wetu walikimbia mauaji wakaenda Kigoma, Tanzania, mimi nikiwa mgongoni mwa mama. Mzee Sadiki alibaki, na michikichi yetu ikabaki naye. Tuliporudi tulirudishiwa nusu tu. Kaka alitaka ndoa hii imalize kinyongo, akaniomba niandike hotuba ya kumshukuru mzee, nami nikaiandika vizuri. Kisha, siku ya mahari ikikaribia, nikasikia mzee akijigamba sokoni kwamba "alitutunzia" shamba. Kututunzia! Nikaifungua hotuba, nikamwaga hasira yangu juu kabisa ya shukrani, nikafunga. Programu haikuuliza kitu (nikadhani imejifunza adabu), na faili ikaenda kuchapwa.

Kwetu mwandishi hasomi. Husoma msemaji wa familia, na wetu, baba mdogo Hamisi, husoma karatasi yoyote kama mtangazaji wa redio, bila kujua anasoma nini mpaka amalize.

"Tumpe heshima Mzee Sadiki," akanguruma ukumbini siku ya mahari, "ambaye jirani yake alipovuka mpaka na watoto, yeye alivuka ua tu, akayakamua mawese ya watu mpaka yakamfikisha Maka!"

Mwajuma akajifunika uso. Kaka akaninong'oneza, "Weye, umetuua! Mutoto wangu ataolewa na nani sasa?"

Mzee Sadiki akainuka na fimbo yake. "Ni nani ameandika hii?"

Ningeweza kuisingizia mashine. Nikasimama. "Ni mimi, Mzee."

"Ni wewe ulikuwa mu mugongo ya mama yako?"

"Ni mimi."

"Toka murudi munanisalimiaka tu, amahoro, amahoro. Hakuna hata mumoja aliniambia hii." Akaketi. "Hamisi, soma. Iko ingine?"

Ilikuwapo. Hamisi, jasho likimtiririka, akazifikia zile shukrani zangu za awali: "Jirani mwema, mwenye moyo mweupe, aliyetutunzia..."

"Basi, acha hapo," mzee akamkata. "Hapo sasa anadanganya."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na ni hapo, si kabla, nilipotamani ardhi inimeze. Mahari ilipokelewa, Mwajuma akaolewa. Kaka bado hunikalisha karibu na mlango, na jamaa wananishauri niizime ile amri ya kuhifadhi. Sijaizima, wala sitaizima. Hasira yangu ilikuwa kweli tupu, na ilihifadhiwa kwa haki. Ninachoapa ni kimoja: sitaandika tena shukrani nisizoziamini, maana hizo ndizo zilizoniaibisha.